Kwikwi ya Babu Yako na Kidonge Nilichompa

Nsia mwanangu,

Mambo ya chandarua, ya kuanika nguo mahali penye jua, ya kutoacha sufuria jikoni ukaenda kupiga soga, mama yako ameshayamaliza. Aliyoyasahau atayakumbuka kesho asubuhi pale stendi, dereva akiwa ameshawasha gari, nawe utayasikilizia dirishani huku abiria wenzako wakicheka. Upande huo sina la kuongeza. Jioni hii mmekwenda naye kwa shangazi yako kuaga, nyumba imetulia, jirani wa nyuma anakaanga vitunguu, nami nimekaa mezani na daftari lako la Kemia ambalo hukuliandika hata nusu. Nimeona niandike, maana nikisema kwa mdomo nitaingiza mzaha, utacheka, tutakunywa chai, na jambo lenyewe litapita.

Unakwenda Mwanza kusomea uuguzi. Ukiulizwa kwa nini umechagua kazi hiyo, huwa unajibu kwamba ulipokuwa darasa la saba ulimwona baba yako akimponya babu yako kwikwi. Umelisema hilo hata kanisani Jumapili iliyopita, mchungaji alipowaita mbele mnaokwenda vyuoni. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mama yako akanifinya mkono. Babu yako, kwenye benchi la mbele, akageuka akanitazama na kutabasamu kama mtu aliyeficha karanga mdomoni.

Sikumponya babu yako, Nsia. Nusura nimuue.

Nusu ya habari hii unaijua, kwa sababu ulikuwapo. Ilikuwa Jumapili ya kipaimara kule Nkoaranga, binamu yako akiwa mmoja wa wanaobarikiwa. Wakati huo figo za babu yako zilikuwa zimeshachoka, na kila Jumatano na Jumamosi alishuka mjini kusafishwa damu kwa mashine, kama anavyofanya mpaka leo. Jumamosi ile hakushuka. Mbuzi alikuwa anachinjwa, wageni wanafika, naye akasema mashine haina mjukuu wa kubarikiwa lakini yeye anaye. Tukamcheka, tukamwacha.

Basi kesho yake, katikati ya sala ya kimya, kanisa zima limeinamisha vichwa, ikatoka: Kwik! Unakumbuka. Haikuwa kwikwi ya kawaida. Ilikuwa kwikwi ya mtu aliyeimba besi kwa miaka arobaini, ikatoka tumboni na mwangwi wake. Watoto wakaanza kutetema kwa kicheko. Wewe ukauficha uso kwa mtandio wa mama yako. Akatulia, tukadhani imekwisha. Kwik! Mchungaji akafupisha sala.

Mchana kutwa tukaifanya kwikwi ile kuwa mchezo. Wewe ulijificha nyuma ya mibuni na vifuniko viwili vya sufuria, babu alipopita ukavigonganisha mpaka kofia ikamdondoka. Kimya. Wote tukahesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne... Kwik! Bibi yako akamletea maji, glasi ya kwanza, ya pili, mama yako akamkimbilia: "Mama, maji yake yanapimwa! Akizidisha yatamjaa kifuani." Jirani akaleta ndizi mbivu, mama yako akazirudisha kwa adabu, akaeleza kwamba ndizi mbivu zina madini ambayo figo za baba haziwezi kuyatoa. Kila mtu alikuwa na dawa yake, na mama yako alisimama mlangoni kama askari.

Mpaka Jumanne mchezo ulikuwa umekwisha. Alikuwa hali, kwa sababu kila tonge lilirudi. Alikuwa halali, au alilala ameketi vipande vya dakika mbili mbili. Mbavu zilimuuma. Nilipopanda kumwona mchana ule akanishika mkono na kuniambia, "Mwanangu, nisaidie. Mwili huu umekuwa kama ngoma anayoipiga mtu mwingine."

Sikiliza sasa, maana kuanzia hapa ni ile nusu usiyoijua.

Unajua kwamba nilitaka sana kuwa daktari na Kemia ikanikatalia. Nilisomea kazi ya famasi, kazi nzuri, nikapewa koti jeupe, na mtaa mzima hapa Themi ukaanza kuniita Dokta. "Dokta, mtoto anakohoa." "Dokta, mgongo huu." Sikumsahihisha hata mmoja. Mwanzoni niliona ni kujisumbua bure, baadaye nikaanza kuitika, na mwishowe nikawa namwangalia kwa jicho baya asiyeniita hivyo. Mtu halewi kwa pombe peke yake.

Miezi michache nyuma alikuja mteja mwenye kwikwi iliyomwanza baada ya upasuaji. Alikuja na cheti cha daktari chenye dawa inayoitwa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli. Baada ya siku mbili alirudi kunishukuru, kana kwamba niliyeandika cheti kile ni mimi. Kwa hiyo babu yako aliponishika mkono, kichwani mwangu hapakuwa na swali lolote. Nilikuwa na jibu. Jumatano ilikuwa kesho yake tu. Angeshuka kwenye mashine, angewaona madaktari wanaomjua, wangesikia kwikwi kwa masikio yao. Sikungoja. Vidonge vilikuwa tayari mfukoni mwa koti, nilivichukua famasi asubuhi ile bila cheti cha mtu yeyote. Nikampa kimoja saa nane mchana, nikamwachia bibi yako karatasi ya vidonge vilivyobaki na kumwambia, "Saa mbili usiku kimoja, saa mbili asubuhi kimoja, na saa nane kimoja."

Bibi yako hakusoma sana, lakini ukimpa saa, saa hiyo haitampita.

Jioni ile akapiga simu. Unakumbuka? Aliiweka simu karibu na kifua cha babu yako na kusema, "Sikilizeni!" Tukasikiliza. Hapakuwa na kitu. Wewe na mama yako mkacheza jikoni, nawe ukanikumbatia kiunoni ukasema, "Baba, wewe ni daktari wa kweli." Hapo ndipo habari yako inapoishia, na ndiyo uliyoisimulia kanisani. Sikulaumu. Ni mimi niliyeikatia pale, na siku zilizofuata nikakwambia babu yuko kwenye mashine yake kama kawaida.

Asubuhi ya Jumatano wewe ukiwa shule, bibi yako akanipigia nikiwa kazini. "Amelala usingizi mzito, nimemwamsha kwa shida anywe kidonge chake. Nimwamshe tena ashuke hospitali?" Nikamjibu, tena kwa sauti ya Dokta, "Mwacheni alale, ana deni la usingizi la siku tatu. Tutampeleka alasiri." Hilo lilikuwa kosa la pili, na kwa kweli lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu nilimzuilia hata ile mashine ambayo ingemwokoa.

Saa tano akapiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa nyingine. Babu yako aliamka, akatoka nje akiyumba, akasimama mbele ya ng'ombe, akavua kofia na kufungua kikao cha wazee wa kanisa. Alimpa ng'ombe nafasi ya kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanaburuzika. Bibi yako akacheka kwanza, akadhani ni mzaha wake. Kisha babu yako akaketi chini kwenye majani, akajilaza, na hakuitika tena.

Jirani mwenye pikapu aliwashusha mpaka mjini. Mimi nilitoka famasi mbio, na koti mwilini, tukakutana kwenye geti la hospitali. Niliposhika mkono wa baba yangu ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa.

Aliyetupokea alikuwa daktari msichana, mdogo wa umbo, miwani yake imefungwa plasta kwenye mkono mmoja. Akaniangalia koti.

"Wewe ni mwenzetu?"

"Niko famasi," nikasema.

"Afadhali, utanisaidia. Kuna dawa yoyote mpya aliyopewa siku hizi mbili tatu?"

Nsia, swali lilikuwa rahisi kama hilo. Nami nikajibu, "Hapana. Zile zile za siku zote."

Nimejiuliza miaka mitano kwa nini. Sikukusudia kumwumiza baba yangu. Ilikuwa ni koti. Ilikuwa ni lile neno "mwenzetu", ambalo nililingoja tangu nikiwa kidato cha nne. Nililipata, na sikutaka linyang'anywe ndani ya dakika ileile. Uongo ukatoka wenyewe, laini, haukunikwaruza hata koo.

Wakampima sukari, wakampima presha, wakammulika machoni. Daktari akasema huenda ni kiharusi, aandikiwe picha ya kichwa. Akasema kama si kiharusi basi huenda ni homa ya uti wa mgongo, itabidi wamchome sindano mgongoni wapime maji. Kila alilolitaja lilikuwa na sababu, kwa kuwa alikuwa anatafuta kitu ambacho mimi nilikuwa nimekikalia. Nikatoka nje ukumbini. Kwenye mfuko wa koti kulikuwa na boksi la ile dawa, na ndani yake ile karatasi ya maelezo ambayo hakuna anayeisoma. Nikaikunjua. Herufi ndogo kama siafu. Mstari wa pili wa tahadhari ulitaja figo.

Nikaikunja tena. Nikairudisha mfukoni. Huyo ndiye baba yako, mwanangu, saa saba na nusu mchana, Jumatano. Nataka umwone vizuri.

Niliporudi ndani bibi yako alikuwa ameketi kando ya kitanda, ameukamata mguu wa mumewe juu ya shuka. Daktari anaandika. Bibi yako akatazama saa ya ukutani, akafungua fundo la kanga yake, akatoa karatasi ya vidonge, akaniuliza kwa Kimeru, taratibu, kama anayeuliza kama chai imechemka: ni saa nane, na hiki cha saa nane je, nimpe akiwa amelala hivi hivi?

Daktari hakujua Kimeru. Aliinua kichwa kidogo tu, akaendelea kuandika. Ningeweza kumwambia mama yangu, "Kiweke kwanza," na angekiweka, na asingeuliza tena maisha yake yote. Nakwambia mlango wa kukimbilia ulikuwa wazi, na mguu wangu mmoja ulishakanyaga nje.

Nikamtazama mama yangu. Mkono wake ulikuwa umeninyooshea kile kidonge, unangoja neno langu. Aliniamini mno.

"Daktari," nikasema, "nimekudanganya."

Nikachukua ile karatasi ya vidonge mkononi mwa bibi yako nikaiweka juu ya faili lake. Nikasema yote, kama mtoto aliyevunja chungu. Nilitegemea anifokee. Ningependa hata anifokee. Yeye aliuliza tu, haraka haraka:

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Cha mwisho?"

"Saa mbili asubuhi."

"Leo ameshasafishwa damu?"

"Bado. Na Jumamosi aliruka."

Akasimama. "Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya mkojo," akasema, huku anamwita muuguzi. "Mzee huyu hana mkojo wa kuitoa. Kila kidonge kimebaki ndani kinamsubiri mwenzake. Mwandalieni mashine sasa hivi. Ile sindano ya mgongo iacheni."

Wakamweka kwenye mashine mchana ule, na Alhamisi asubuhi wakamweka tena. Mimi na bibi yako tulikaa kwenye benchi. Nilimweleza kile kidonge kilikuwa kimefanya nini. Akaniuliza, "Na mimi nilimpa kwa mkono wangu?" Hilo ndilo lililoniliza. Nikamwambia mkono ulikuwa wangu, yeye aliazimwa tu.

Alhamisi kabla ya saa sita babu yako akafumbua macho. Akatazama dari, akamtazama bibi yako, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya mkwaruzo, "Kikao kimefungwa?" Na kabla hatujajibu: Kwik!

Kwikwi imerudi! Tulishangilia, Nsia. Tulishangilia kwikwi ileile tuliyoilaani siku tatu. Bibi yako alipiga kigelegele mpaka muuguzi akaja kututuliza, na alipoambiwa ni kwikwi akacheka na yeye.

Mchana ule yule daktari akaniita, akaketi nami kwenye benchi, akanifundisha kama mwanafunzi. Akasema kwikwi ya mgonjwa wa figo mara nyingi ni uchafu ulioachwa kwenye damu ukikera mishipa, kwa hiyo dawa ya kwanza ni mashine yenyewe, na kutoruka siku hata kama kuna mbuzi. Ikibaki baada ya hapo, ndipo kidonge. Alimwandikia metoklopramidi, nusu ya dozi wanayopewa watu wenye figo nzima, akasema atamtazama kwanza kabla ya kuongeza chochote. Kuna nyingine ya zamani, klopromazini, lakini hiyo hushusha presha na kuleta usingizi, na presha ya babu yako kwenye mashine huwa inashuka yenyewe, kwa hiyo hakutaka kuigusa bila sababu.

"Usijiulize tu dawa ipi inakomesha kwikwi," akaniambia. "Jiulize pia itatoka mwilini kwa njia ipi."

Ijumaa kwikwi ikawa inakuja mara chache. Jumamosi alikula uji bakuli zima. Jumapili tukagundua kwamba hatujaisikia tangu asubuhi. Hakuna aliyejua ni ipi iliyokuwa ya mwisho.

Nilikiri kwa babu yako siku aliyorudi nyumbani, tukiwa wawili nje kwenye kibaraza. Nilijipanga maneno njia nzima kupanda Nkoaranga, na yote yakapotea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku ile nililewa bila hata tone la mbege." Akacheka mpaka akakohoa. Nikadhani imekwisha. Lakini akaacha kucheka, akaniuliza:

"Yule binti daktari alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, baba. Nikadanganya. Nikasema ukweli baadaye, bila kuulizwa tena."

"Ulichelewa muda gani?"

"Kama saa nzima."

Akafikiri. "Saa nzima ni ndefu kwa aliyelala pale," akasema. "Punguza." Kisha akaniomba nimsaidie kuvaa sweta, maana ubaridi ulikuwa umeanza kushuka kutoka juu.

Jumatatu nilimweleza mwenye famasi. Aliniondoa dirishani akanipeleka stoo miezi kadhaa, na alikuwa na haki. Niliporudi dirishani nilimsahihisha kila aliyeniita Dokta, mmoja mmoja, na kila aliyekuja kununua dawa nilimuuliza kwanza kama figo zake ni nzima. Hata wa dawa ya chunusi. Ndipo watani wa mtaani wakanibatiza Baba Figo. Ulirudi kutoka shule ya sekondari unalia kwamba wenzako wanakucheka kwa jina hilo, ukaniuliza limetoka wapi, nikakwambia ni kwa sababu napenda figo za mbuzi kwenye nyama choma. Mimi figo sili, mwanangu. Hata harufu yake siipendi. Nililazimika kuzila mbele yako mara mbili ili uongo usimame, na naona nililipwa sawasawa.

Sikuandikii ili ubadilishe nia. Mama yako aliogopa hivyo, akasema nisubiri umalize chuo. Lakini sikutaka uingie wodini ukiwa umejengwa juu ya habari ya mtu asiyekosea, kwa sababu siku utakapokosea utadhani wewe si wa ukoo wake. Wewe ni wa ukoo wake kabisa. Una mikono myepesi, una huruma inayokimbia mbele ya akili, na unapenda kusifiwa. Vyote hivyo umevitoa kwangu, na vyote ni vizuri vikiwa na mtu wa kuvishika pindo. Kama bado unautaka uuguzi baada ya kusoma haya, basi umeuchagua wewe mwenyewe safari hii, wala si kwa ajili ya ile simu ya jioni. Na kama una hasira nami kwa kukuacha uisimulie kanisani, kasirika. Njia ya Mwanza ni ndefu, nafasi ipo.

Siku itafika, Nsia. Sijui kama itakuwa mwaka wa pili au wa ishirini. Utachanganya kitanda na kitanda, au utasoma dozi vibaya, au utasahau. Mtu atasimama mbele yako na kuuliza swali fupi, na jibu la uongo litakuwa tayari mdomoni, tamu na laini. Ukishindwa kulimeza, nipigie. Nipigie hata nikiwa na foleni ya wateja mpaka barabarani. Sitakuuliza imekuwaje, wala sitakuuliza nani ameona. Nitakuuliza neno moja tu: umeshawaambia? Ukisema bado, nitakwambia weka simu mfukoni bila kuikata, nenda ukawaambie. Mimi nitakuwa nasikiliza upande wa pili mpaka umalize.

Nakupenda, na ninaona fahari.

Baba yako.